Samaki wamejaa kwenye kompyuta ya ami, siku 256 hazifiki

kijana_wete

Assalamu alaykum jamani. Miye nipo Wete, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, usiku tukishafunga duka la ami, tunatoa fotokopi na kuchapisha barua. Kompyuta ni ya duka, RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, na feni inalia kama mashine ya boti.

Nafanya mafumbo ya Advent of Code, yale ya kutatua kwa programu yanayotoka mtandaoni kila Desemba. La siku ya 6 mwaka 2021 limenikwamisha. Kuna samaki, kila mmoja ana namba ya siku zilizobaki kabla hajazaa. Kila siku namba inapungua moja. Aliyefika 0, kesho yake anarudi 6 na anatoa mtoto mwenye 8. Hafi mtu, havuliwi mtu (samaki gani hao, sikwambii). Mfano unaanza na watano: 3, 4, 3, 1, 2. Baada ya siku 18 wawe 26, baada ya siku 80 wawe 5,934. Zote mbili nilipata, nikajiona fundi.

Sehemu ya pili wanataka siku 256. Miye nimewaweka wote kwenye orodha moja, kila siku nawapitia mmoja mmoja. Ilipokaribia siku ya 190 mashine ikaganda. Kwa ukaidi nikairudia juzi asubuhi duka liko wazi, akaja mteja kuchapisha barua ya kuomba kazi na siku ya mwisho ya kuipeleka ni hiyo hiyo. Alichosema ami sikiandiki hapa. Tuliizima kwa kidole. Barua ilipona kwa sababu bwana alikuwa nayo kwenye fleshi.

Nifanyeje?

fundi_darajani

Mwambie ami aongeze RAM. Ukipata GB 16 utacheka.

mwl_takwimu

Fundi, usimtie mtoto wa watu gharama. Samaki hawa wanaongezeka karibu asilimia 9 kwa siku, kila siku 8 hivi wanakuwa mara mbili. Kutoka GB 4 kwenda 8 umenunua siku 8. Kwenda 16, siku 8 nyengine. Jibu la siku 256 linapita bilioni 26, na orodha ya Python inakula baiti 8 kwa kila kilichomo. Hizo ni GB 216 hivi. Duka la ami uliuze na shelfu zake.

Mwanangu, wewe si Mpemba? Karafuu zikishachambuliwa zinaanikwa: jamvi la leo, la jana, la juzi. Nani umemsikia akauliza karafuu hii moja ina siku ngapi juani? Unauliza jamvi hili la lini, na ni pishi ngapi. Na samaki ndio hivyo hivyo. Wenye namba 5 wote ni sawa, hapana hata mmoja atakayefanya kitu mwenziwe asikifanye. Kwa nini uwaandike mmoja mmoja? Namba zenyewe ni 0 mpaka 8, basi. Tandika majamvi tisa, kila moja weka idadi tu. Kila siku yanasogea hatua moja, na waliokuwa jamvi la 0 ndio wanaozaa. Siku 256 mara majamvi 9 ni hatua 2,304. Simu ya kitochi inaziweza hizo.

Nikisomesha makadirio ya idadi ya watu naanza na jambo hili hili. Unagawa watu kwa miaka mitano mitano, kundi la 0 hadi 4 linasogea kuwa 5 hadi 9, na wanawake wa umri wa kuzaa wanatia watoto kundi la kwanza. Mtaalamu mmoja, Leslie, aliipanga kwa matriksi, yaani jedwali la namba, mwaka 1945. Sensa ya 2012 ilikuta Zanzibar watu 1,303,569, ya 2022 ikakuta 1,889,773, yaani asilimia 3.7 kwa mwaka. Kwa mwendo huo tunakuwa mara mbili kwa miaka 19 hivi, na kulijua hilo hukuhitaji kumpitia kila mtoto wa Micheweni.

fundi_darajani

Ila karafuu haizai juu ya jamvi.

kijana_wete

Mwalimu nimefahamu, nimeandika hivi ndani ya lupu, ile sehemu inayojirudia kila siku:

wazazi = majamvi[0]
majamvi = majamvi[1:] + [wazazi]
majamvi[6] = wazazi

Inakwenda mbio kweli, lakini siku 18 inanipa 8. Siku 80 inanipa 7. Siku 256 inanipa 8 tena! Samaki wangu wamekuwa wazee wa barazani, hawaongezeki.

mwl_takwimu

Chapisha jumla ya kila siku uone wanapopotelea. Inatakiwa 5, 6, 7, kisha 9 siku ya 4. Yako itasema 8, na siku ya 7 utarudi kwenye watano wale wale wa mwanzo.

Mtoto anazaliwa na 8, kesho 7, keshokutwa anaingia jamvi la 6. Pale pale wewe unaleta wazazi waliotoka 0, na ile alama ya = inafuta kilichokuwepo. Kila mtoto wako anaishi siku mbili tu. Jamvi la 6 linapokea kutoka pande mbili, ujumlishe:

majamvi[6] += wazazi

fundi_darajani

Haya, na mie nimejaribu kwa lugha nyengine ya programu, C, majamvi hayo hayo na alama sahihi. Siku 80 sawa, 5,934. Siku 256 napata 1,214,653,763. Hizo bilioni 26 ziko wapi?

mwl_takwimu

Umetumia namba za biti 32, yaani nafasi ya tarakimu 32 za 0 na 1, mwisho wake 2,147,483,647. Ikizidi inazunguka, inaanza tena toka chini. Kwenye jibu lako ongeza 4,294,967,296 mara sita uone. Weka namba za biti 64. Kijana yeye Python yenyewe inampanulia nafasi ya namba, hana habari.

kijana_wete

26,984,457,539! Imetoka kabla sijaondoa kidole kwenye Enter. Ami kaniuliza namba gani hiyo, nimemwambia samaki. Kasema kesho nikatie wino kwenye printa.