Vifaranga wa siku 6 wanajikunyata na kinyesi kinawaganda nyuma: nianzie wapi?

Muulizaji
Ndugu wafugaji, nina vifaranga 40 waliotimiza siku 6 leo, na tangu juzi wamekwisha kufa watano. Anayeugua huanza kwa kujitenga, kufumba macho na kushusha mabawa, kisha kinyesi cheupe humganda kwenye tundu la haja hadi kuliziba. Usiku hujazana chini ya taa na kupandana, na asubuhi ndipo ninapookota waliokufa. Ninayo antibiotiki iliyobaki kwa kuku wakubwa. Je, niwatilie wote katika maji?

Jibu la kwanza
Pole sana kwa hasara hiyo. Iweke kando dawa kwanza, kwa sababu kupandana chini ya taa ni dalili ya wazi kwamba wanaona baridi. Kifaranga wa wiki ya kwanza hawezi kujihifadhia joto, hivyo anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi, zipimwe kwenye kimo cha mgongo wake wala si juu ukutani, kisha zipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki. Wakikimbilia pembeni na kutweta midomo wazi, joto limezidi.

Kinyesi kilichoganda usikibandue kikavu, kwani utamchuna ngozi. Kilainishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kifute taratibu, kisha umkaushe kabisa kabla ya kumrudisha kwa wenzake, maana kifaranga aliyelowa hupoa upesi. Nakusihi pia usichanganye tundu la haja na kitovu, ambacho kiko chini ya tumbo: nimeona watu wakivuta kigaga cha kitovu wakidhani ni kinyesi, na kumwachia kifaranga jeraha la kuingizia vijidudu.

Jibu la pili
Hoja ya joto ni sahihi, lakini isikufanye ulale. Kinyesi cheupe pamoja na vifo vya mfululizo katika umri huu vinaweza pia kuwa pulorumu, ugonjwa wa bakteria wa jamii ya salmonela ambao kuku mzazi, hata akionekana mzima, huupitisha kwa kifaranga kupitia yai. Kwa macho matupu hakuna atakayeutofautisha kwa uhakika na madhara ya baridi. Kagua vitovu vilevile: kitovu chekundu, kilicholowa au kinachonuka, pamoja na tumbo lililovimba, huashiria kwamba kiini cha yai kilichobaki ndani kimeambukizwa. Wapeleke waliokufa karibuni kwenye maabara ya mifugo, wakiwa katika mfuko uliofungwa vizuri na kuhifadhiwa penye ubaridi bila kugandishwa. Ukiwahi kuwapa antibiotiki, kipimo kinaweza kushindwa kumwonyesha mdudu mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni kila unapowashika, kwa kuwa zipo salmonela za kuku zinazowaambukiza watu pia.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nimepima usiku nikakuta nyuzi 27 tu, nikashusha taa na kuziba upepo, na leo hakuna aliyekufa. Wawili wana vitovu vyekundu. Nimewatenga, na wale wa jana nimewapeleka maabara. Je, huenda ikawa ni kuhara damu?

Jibu la tatu
Kwa umri wa siku 6 ni vigumu, kwa sababu vimelea vinavyoleta kuhara damu, yaani koksidia, huhitaji siku kadhaa za kuzaliana ndani ya utumbo, na mara nyingi athari zake huonekana kuanzia wiki ya tatu. Hata hivyo maandalizi yaanze sasa: mayai ya vimelea hivyo hukomaa kwa siku moja au mbili penye joto na unyevu, kwa hiyo ondoa maranda yaliyolowa kila siku, hasa pale pa kunyweshea, na uinue vyombo vya maji vifike kimo cha migongo yao. Ikitokea siku moja ukaandikiwa amproliamu, dawa ya koksidia, usiichanganye na vitamini yenye B1, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyohiyo.