Kikundi cha majirani, kisiwani Pate: dispensari na saa za bahari

Mama Twaha, saa 1:40 usiku
Asalaam aleikum majirani. Shee amepasuliwa mguu leo asubuhi, usaha umetoka, na homa imeshuka. Alhamdulillahi. Lakini mie nina neno, na nataka nilisemee hapa hapa mbele ya wote.

Ami Athman
Waaleikum salaam mwanangu. Sema, twasikiza.

Mama Twaha
Jumanne alikanyaga taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, akisukuma mashua. Wakafika gatini magharibi, na dispensari hufungwa saa 11 jioni. Nikaja na mkoba wangu. Nikamtia mguu kwenye ndoo ya maji moto, moto wa kuvumilika usiobabua ngozi, kama saa nzima, nikiongeza maji kila yakipoa. Yale maumivu ya kulia yakapungua. Lakini kipande cha mwiba kilikuwa kimebaki ndani, nakiona cheusi chini ya ngozi, na mie mhudumu wa afya ya jamii sina ruhusa ya kupasua mtu. Jumatano nesi alikuwa amevuka Lamu kufuata dawa, naye yuko peke yake. Jeraha la dakika kumi limekuwa la siku tatu.

Shee
Ami, usiku wa pili nilidhani mguu wakatwa. Mama Twaha hakulala, alikuwa akinipima homa. Mungu amlipe.

Bi Rukia
Pole mwanangu, afueni ya Mungu. Mie nakumbuka uchungu wa binti yangu ule mwaka. Twampeleka Lamu usiku, kufika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wa kwendea Lamu, maji yametoka, boti ikapwelewa. Tukakaa topeni na mikoko, namshika mkono, twangoja maji yajae. Alijifungua salama, lakini yale masaa sijayasahau.

Mama Twaha
Ndiyo nisemayo, Bi. Dispensari tunayo, karibu kabisa. Lakini hufunguliwa saa 2 asubuhi, wanaume wako baharini na wakata boriti wako mikokoni. Wakirudi, mlango una kufuli. Mwenye presha anaacha vidonge kwa sababu kuvifuata ni kupoteza siku ya kazi. Wanaume wangapi hapa nimewapima mie kwa kuwavizia gatini wakiteremsha samaki?

Maalim Omar
Kweli tupu. Mwaka 1978, kule Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba afya ya msingi isogezwe karibu kadiri iwezekanavyo na pale watu wanapoishi na wanapofanya kazi. Kazi yetu sisi inafuata maji. Sasa dada, waomba nini hasa?

Mama Twaha
Jioni mbili kwa wiki ifunguliwe kutoka alasiri hadi isha. Na siku nesi akivuka, aje mwingine wa zamu kutoka Faza, humu humu kisiwani. Basi.

Ami Athman
Na pesa? Taa, mlinzi, posho ya huyo wa zamu. Kaunti itatwambia bajeti hakuna.

Mama Twaha
Ami, hapo ndipo penye kazi yetu. Sheria zilizotiwa saini Oktoba 2023 zasema pesa kinazopata kituo zibaki kituoni. Na kuna mfuko wa afya ya msingi unaolipia matibabu ya dispensari na vituo vya afya. Lakini unalipia mtu aliyesajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali. Katika nyumba ninazohudumia waliosajiliwa hawafiki nusu. Shee mwenyewe hakuwa. Katibiwa, na dispensari haitalipwa hata senti kwa ajili yake.

Bi Rukia
Mie sikujiandikisha kwa kuogopa zile shilingi 300 za kila mwezi. Nitazitoa wapi miezi ya upepo wa kusi, bahari imechafuka na mashua zimepandishwa nchi kavu?

Mama Twaha
Wengi wameogopa hivyo hivyo, Bi. Mchango ni kwa ajili ya hospitali kubwa, kulazwa na upasuaji, na naomba anayeweza autoe, maana uchungu wa Mkanda waujua. Lakini kwa dispensari yetu kusajiliwa kwatosha, hudai wala hudaiwi. Ni *147# na kitambulisho. Utaulizwa habari za nyumba, paa, ukuta, choo. Jibu kweli.

Maalim Omar
Kamati ya dispensari inakaa kesho baada ya sala ya Ijumaa. Mie ni mjumbe. Nitaandika barua ya zile jioni mbili usiku huu, lakini nataka sahihi za wavuvi wenyewe, si za sisi tunaoshinda nchi kavu.

Ami Athman
Manahodha niachieni mie. Na kijana mmoja wa wakata boriti nitamwita pia, wenziwe ni wengi.

Mama Twaha
Shukran sana. Usajili tuufanye Jumamosi gatini. Nitaleta simu na kipimo cha presha. Saa ngapi?

Ami Athman
Usiweke asubuhi ya ofisi. Jumamosi mashua zitakuwa zimepwelewa mpaka kama saa 4, hashuki mtu. Njoo saa 12 na nusu, watu wakiwa wanashona nyavu.

Bi Rukia
Na chai ni yangu. Mnisajili wa kwanza.

Shee
Mie mtanibeba?

Ami Athman
Tutakubeba.