Ukaazi wa kudumu Kenya: ihesabiwe miaka ya kibali au miaka ya kuishi?

Mleta mada, Kwale
Ndugu zangu, jirani yangu ni mzaliwa wa Tanga. Ana miaka kumi na tisa hapa Kwale, anauza samaki wa kukaanga, na marehemu mumewe naye alikuwa wa Tanga. Juma lililopita alikwenda kuulizia ukaazi wa kudumu. Akaambiwa alete vibali vya kazi vya miaka saba. Hana hata kimoja.

Nimeisoma Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 37. Milango ni minne. Kuna wa aliyekuwa Mkenya wa kuzaliwa akaupoteza uraia huo, na nchi aliyohamia hairuhusu uraia wa nchi mbili, wa mtoto wa Mkenya aliyezaliwa nje akapata uraia wa huko, na wa aliyefunga ndoa na Mkenya, ndoa ikatimiza miaka mitatu. Wa nne ni wa mwenye vibali vya kazi vya miaka saba, mitatu ya mwisho akiwa nchini mfululizo. Mgeni asiye na damu wala ndoa amebakiwa na huo wa nne tu. Meneja aliyeletwa na kampuni anapita. Mama wa samaki hapiti hata akikaa miaka arobaini. Mimi nasema miaka ya kuishi ihesabiwe, chifu na wazee wa mtaa watoe ushahidi.

Eldoret
Pole kwa jirani yako, lakini sikubaliani nawe. Kibali ndicho ushahidi kwamba mtu alijitambulisha, akalipa ada, serikali ikamjua. Ukifungua mlango wa barua ya chifu, barua zitauzwa. Tena raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana Itifaki ya Soko la Pamoja tangu 2010, mkataba wa kwenda kufanya kazi na kuishi katika nchi wanachama. Kwa nini hakuitumia?

Mleta mada, Kwale
Itifaki hiyo hiyo inasema ukaazi wa kudumu utafuata sheria za kila nchi. Inakurudisha palepale kifungu cha 37.

Kilifi
Mimi ni Mpemba, nimezaliwa huku. Tusichanganye mambo mawili: jirani yako ni Mtanzania, sisi Wapemba wa Kenya hatukuwa raia wa nchi yoyote. Kabla ya serikali kututambua 2023 nilivua kwa leseni ya mtu mwingine, na laini yangu ya simu ilikuwa kwa jina la shemeji. Wamakonde, ambao nao hawakuwa na utaifa, iliwabidi watembee kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa.

Lakini someni kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo. Kwa asiye na utaifa, kinachotazamwa ni kwamba ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Hakuna anayemdai kibali cha kazi. Kwa hiyo kuhesabu miaka ya kuishi si jambo geni kwa sheria yetu. Inajua kuhesabu ikitaka.

Nairobi
Na wake za wenye vibali je? Nimekaa miaka tisa kwa pasi ya mtegemezi. Vibali vyote vina jina la mume wangu. Tukiachana leo, miaka yangu mwenyewe ni sifuri. Hili linaniumiza kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Eldoret
Kilifi, hoja ya kifungu cha 15 ni nzito, sikuwa nimeifikiria. Narudi hatua moja: rekodi za kliniki, za shule, malipo kwa kaunti, hizo nitazikubali. Barua ya chifu peke yake bado siitaki. Mleta mada, jirani yako ana risiti za ushuru wa soko?

Mleta mada, Kwale
Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Anazo, amezijaza mkebe mzima wa Kimbo. Ya chini kabisa wino umeanza kufifia, lakini tarehe bado inasomeka.