Choquequirao na goti bovu: twende, au tusubiri Inca Trail mwakani?

Tochi_ya_Alfajiri

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa aliyewahi kufika Peru kwa miguu yake, siyo aliyesoma tu, maana waliosoma nimeshawasikia wa kutosha.

Mimi na mdogo wangu tumedunduliza miaka mitatu twende Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka (watawala wa Peru kabla ya Wahispania), kwa mguu, ile Inca Trail ya siku nne. Juzi ndo tunakaa chini kutafuta kampuni ya kwenda nayo mwezi wa sita, tunaambiwa vibali vimeisha kitambo, na kila tunayemuuliza jibu ni hilo hilo. Mmoja akasema kama mnachotaka ni magofu ya Wainka na mko tayari kutembea, nendeni Choquequirao, huko hakuna kibali cha kugombania na watu ni wa kuhesabu. Nikaanza kusoma, nikakuta kila aliyeenda anaongea kama katoka vitani.

Kinachonichanganya ni hivi, magofu yenyewe yapo kama mita 3,050 tu. Mimi Kilimanjaro nimefika juu kabisa, 5,895, kichwa kiliuma kidogo basi. Sasa huo ugumu uko wapi, au ni watu wanajikweza?

Halafu goti langu la kulia niliumia mpirani zamani, tambarare halina neno, kupanda halina neno, ila nikishuka ngazi nyingi linanikumbusha. Nataka kujua siku ngapi zinatosha, twende wenyewe au na mwongozaji, na je inaziba pengo la Machu Picchu au nitarudi na kinyongo? Asanteni.

Kucha_Nyeusi

Jina langu hapo juu ndo zawadi niliyorudi nayo kutoka Choquequirao mkuu, kucha mbili za vidole gumba, kwa hiyo nadhani nina haki ya kujibu.

Kwanza Kilimanjaro iweke kabatini. Kule unapanda siku kadhaa ukiwa na nguvu zako zote, halafu unashuka unaenda zako nyumbani. Choquequirao ni mlima uliopinduliwa. Unaanzia juu, pale Capuliyoc, kama mita 2,900 hivi, unachungulia korongo la mto Apurímac, na ng'ambo ya pili unayaona mabanda ya Marampata ambako utalala, yaani unayaona kwa macho, unasema aah mbona hapo tu. Hapo tu! Kati yako na hapo tu kuna kushuka karibu mita 1,400 mpaka mtoni Playa Rosalina, ambako ni kama mita 1,500, halafu unavuka daraja unapanda karibu mita hizo hizo upande wa pili. Na ukimaliza kuona magofu unarudi njia ile ile, unashuka tena, unapanda tena, na huo mpando wa mwisho ndo unaukuta umechoka, nguo zinanuka, na chakula kizuri kimeisha. Ukijumlisha yote ni kama mita 3,000 za kupanda na 3,000 za kushuka, na hakuna hatua hata kumi za bapa isipokuwa kule mwishoni ukitoka Marampata kwenda kwenye magofu, na hata hapo wanaita bapa kwa huruma.

Kwa hiyo hewa nyembamba siyo kesi kubwa, kama umetua mji wa Cusco (mita 3,400) ukakaa siku mbili tatu unakunywa chai ya majani ya koka, basi njia nzima utakuwa chini ya hapo. Kesi ni joto. Chini korongoni hakuna kivuli, ni mikaktasi ya miiba na vumbi na jua linalopiga mpaka unasikia harufu ya nywele zako. Sisi tulifanya ujinga, kampuni tuliyokwenda nayo ilitufikisha Capuliyoc saa nne na nusu asubuhi, tukashuka na jua, tukafika mtoni saa nane, na badala ya kupumzika tukaambiwa tupande mpaka kambi ya Santa Rosa ili ratiba isiharibike. Maji yaliniishia nusu ya mpando. Nilikaa chini kwenye kona moja nikawa nawaza mambo ya ajabu ajabu, nikamkumbuka mwalimu wangu wa jiografia, sijui kwa nini. Mwenye nyumbu akanipa maji yake na chungwa, Mungu ambariki mzee yule.

(Nyumbu ninaosema siyo wale wa Serengeti, ni mtoto wa punda na farasi. Ndo wanabeba mizigo kule.)

Siku tano, usikubali nne. Ya kwanza shuka tu, lala kambi ya Chiquisca au chini mtoni. Ya pili amka saa kumi usiku na tochi ya kichwani, vuka mto gizani, saa nne asubuhi uwe umeshamaliza sehemu mbaya, mchana uko Marampata umekula umenyoosha miguu. Ya tatu yote ni ya magofu. Ya nne rudi mpaka ng'ambo ya mto, ya tano panda kutoka alfajiri. Wanaofanya siku nne wanakwenda kwenye magofu mchana wakiwa hoi, wanapiga picha uwanjani wanaondoka, hawajaona llama (wanyama wa kule kama ngamia wadogo wasio na nundu).

Na llama ndo kitu chenyewe. Upande wa pili wa kilima, chini sana ya uwanja mkuu, kuna matuta ya kilimo ya Wainka yaliyojengwa kwa mawe meusi, na ndani ya kuta zake wamepanga mawe meupe yakatoka wanyama, llama zaidi ya 20 wakipanda mlima, wengine na watoto wao. Hayo matuta yalikuja kufukuliwa juzi juzi tu, miaka ya 2000. Kuyafikia ni ngazi za kushuka kama lisaa na kupanda tena, ndo maana wengi wanaruka. Usiruke.

Mama_Shanta

Mimi nimefanya Inca Trail, Choquequirao sijafika, kwa hiyo nitasema upande wangu.

Kaka Tochi, vibali vya Inca Trail ni 500 kwa siku, lakini humo wamo wapagazi, wapishi na waongozaji, watalii mnabaki kama 200. Na huwezi kwenda bila kampuni yenye leseni, na kibali kimeandikwa jina na namba ya pasipoti, hakiuzwi hakihamishwi, kwa hiyo mtu akikwambia ana kibali cha mtu aliyeahirisha, mkimbie. Kwa mwezi wa sita ulitakiwa uwe umeshika miezi mingi nyuma, maana ndo kiangazi cha kule na kila mtu anautaka. Februari usijisumbue kabisa, wanaifunga njia kwa matengenezo.

Ila nisikie mtu anasema Inca Trail ni ya wazee nitakasirika. Siku ya pili tunapanda mpaka Warmiwañusca, mita 4,215, jina lake maana yake mwanamke aliyekufa, na mimi siku ile nilielewa alikufaje. Halafu unashuka upande wa pili kwa ngazi za mawe walizojenga Wainka wenyewe, zingine zinafika magotini, hazilingani, na kama mvua imenyesha zinateleza. Kwa hiyo kaka, goti lako lingelia na huku pia. Usidhani umekosa njia laini.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Inca Trail magofu yako njiani kila siku, unapita Runkurakay, Phuyupatamarca, Wiñay Wayna (hapo nilikaa nikakataa kuondoka), mpaka asubuhi ya nne unatokea Inti Punku, lango la jua, unaiona Machu Picchu iko chini yako. Nililia jamani, sioni aibu. Lakini ukishuka ukiwa na jasho la siku nne unakutana na maelfu ya watu waliokuja kwa treni na basi wananukia sabuni, unapangiwa njia ya kupita na saa ya kutoka. Kama roho yako inataka utulivu, hapo utaumia.

mzee_wa_shoto_kati

Njia ya Salkantay. Haina kibali cha kugombania, inaishia mji wa chini ya Machu Picchu, goti litapona. Mnajitesa bure.

Kucha_Nyeusi

Mzee, Salkantay pasi yake, yaani pale juu unapovukia mlima, ni mita 4,600 na ushei na ukishaivuka ni kushuka mpaka msituni, hilo goti litaponea wapi? Njia nzuri sana sikatai, barafu unaiona karibu kabisa, ila mwenzetu kauliza magofu.

Tochi_ya_Alfajiri

Dah. Asanteni sana, hiyo ya mlima uliopinduliwa ndo nilikuwa sijaielewa, nilikuwa nasoma kimo tu. Nimemuonyesha mdogo wangu akacheka akasema si nilikwambia.

Sasa nyumbu. Wanaweza kunibeba mimi, au mizigo tu? Na mtu anaweza kwenda bila mwongozaji, maana nimeona wengine wanasema njia ni moja haipotezi.

Kucha_Nyeusi

Njia ni moja kweli, na wengi wanakwenda wenyewe. Kutoka Cusco unapanda basi la kwenda Abancay, kama masaa manne unashuka njia panda ya Cachora, hapo zipo teksi mpaka kijijini, na kijijini unapata mwenye nyumbu. Beba soli (hela ya Peru) taslimu, tena noti ndogo ndogo, kule njiani kadi yako ni ya kukwangulia barafu tu. Chakula na soda unaweza kununua kambini kwa familia zinazoishi pale, ila ujue kila chupa imebebwa na mnyama kupita korongo lile lile, kwa hiyo usibishane bei, mimi nilibishana nikaona haya mpaka leo.

Kubebwa, wapo farasi na nyumbu wa kupanda mtu, na kwa mpando wa kutoka mtoni siku ya mwisho wengi wanakodi. Kushuka sikushauri, na wenye wanyama wenyewe wengi wanakushusha utembee, maana njia ni ya vumbi la kuteleza na pembeni hamna kitu. Yaani shida yako ni kushuka, na kushuka ndo hupewi msaada. Samahani mkuu.

Goti_la_Pili

Nimepita tu lakini nimeona neno goti. Mimi nilifanyiwa operesheni ya goti na nilikwenda Choquequirao mwaka uliofuata, niko hapa naandika.

Kilichoniokoa ni fimbo mbili, siyo moja, mbili, na ukishuka unazirefusha ili uzito uende mikononi kabla mguu haujatua. Nilishuka hatua fupi fupi kama bibi harusi, watu wote walinipita, nikawakuta mtoni wamelala. Mzigo wote alibeba nyumbu, mimi nilikuwa na maji lita tatu, kofia na karanga. Na miezi mitatu kabla nilifanya mazoezi ya KUSHUKA, watu wanafanya ya kupanda tu, mimi nilikuwa napanda lifti ghorofa ya tisa nashuka kwa ngazi, nikiwa na begi mgongoni, walinzi wakadhani nimefiwa. Misuli ya mbele ya paja ndo inashika breki, ikichoka goti ndo linabeba. Ila wewe kamuone daktari wa mifupa kwanza, alichonacho goti lako mimi sikijui, na akikwambia hapana basi ni hapana.

Kuhusu kinyongo, sidhani. Jina lake kwa Kiquechua, lugha ya wenyeji wa kule, ni susu la dhahabu. Liko pembeni mwa nchi ya Vilcabamba ambako Wainka wa mwisho walijificha na kupigana na Wahispania mpaka 1572, na Hiram Bingham, yule Mmarekani aliyeitangaza Machu Picchu duniani, alifika hapo 1909, miaka miwili kabla hajaoneshwa Machu Picchu, kwa hiyo ni kama hapa ndo alipoanzia kuumwa ugonjwa wa magofu. Sehemu kubwa bado iko chini ya msitu haijafukuliwa. Kuna kilima pale juu Wainka walikikata kichwa kikawa bapa, ukisimama unaona mto kama uzi chini na kondori (tai wakubwa wa kule) wanaruka CHINI yako, unawaona mgongo. Asubuhi ile tulikuwa watu tisa kwenye mji mzima. Nilihesabu.

Nenda kabla hawajajenga ile kebo ya kupitisha watalii juu ya korongo, wanaiongelea miaka nenda miaka rudi.

Mama_Shanta

Watu tisa?? Kaka Tochi mimi nakuonea wivu sasa.

Tochi_ya_Alfajiri

Basi wakuu, tunakwenda, siku tano, nyumbu wa mizigo, na farasi nikiona mambo magumu siku ya mwisho (mdogo wangu asijue nimeandika hivi). Jumatatu naenda kwa daktari. Fimbo nimeshaazima, mbili. Inca Trail tutaiomba mapema mwaka mwingine Mungu akipenda.

Mdogo wangu ana swali moja tu, kasoma kuna wadudu wanang'ata kule.

Kucha_Nyeusi

Nilisahau! Usubi. Wenyeji wanawaita pumahuacachi, maana yake wanaomliza puma. Suruali ndefu, mikono mirefu, dawa ya kupaka, hata kama unaiva kwa joto usivae kaptula pale mtoni. Mimi nilivaa.

Tochi_ya_Alfajiri

Anauliza na usiku wanang'ata?

Kucha_Nyeusi

Hapana, usiku wanalala. Wewe ndo hulali, unajikuna.