Kuuza nyumba winta: tuuze tukiwa ndani, tuhame ibaki tupu, au tusubiri baridi iishe?

Nyundo_na_Msumari
Wakuu heshima kwenu. Nina jambo linanizungusha kichwa. Tunauza nyumba, mke wangu kapata kazi mji mwingine na inabidi tuwe tumehamia kule ndani ya miezi minne hivi. Sasa ndo winta imeingia, saa kumi na moja jioni ni giza totoro, bustani imekufa, theluji imefunika mpaka ngazi za mbele. Tumekaa mezani tukaona njia tatu.

Ya kwanza, tuuze sasahivi huku tunaishi humohumo, watoto wawili na mbwa mmoja. Ya pili tuhame mapema, tupige rangi, iwe tupu na safi, dalali aonyeshe watu saa anayotaka. Ya tatu tusubiri majani yarudi.

Mi naegemea ya pili maana nyumba isiyo na makorokoro inaonekana kubwa. Mke wangu anasema ya tatu, nani atanunua nyumba ambayo hata ua wake hajauona? Waliowahi kuuza kipindi cha baridi waseme.

FundiKoki
Mkuu hiyo ya pili ifute, au kama utaifanya ujue unachokifanya, maana mi ndo napigiwa simu za nyumba tupu kila baridi ikikaza. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi na bomba halina pa kuyapeleka. Linapasuka usiku wala hakuna anayejua, kwasababu barafu yenyewe imeziba tundu. Siku jua likitoka barafu inayeyuka, ndo maji yanaanza kumwagika, na kama hakuna mtu ndani yanamwagika siku tatu, nne. Nimeshaingia nyumba sakafu ya mbao imepinda kama mgongo wa samaki na tangazo la kuuzwa bado liko nje limesimama vizuri tu.

Kama lazima uihame, usizime hita ili ubane matumizi. Weka isishuke chini ya nyuzi 13, milango ya makabati ya chini ya sinki iache wazi hasa yale yaliyoegemea ukuta wa nje ili joto lifike kwenye mabomba, funga koki kubwa ya maji kila dalali anapoondoka, na awepo mtu wa kupita kila siku mbili. Alafu soma karatasi za bima. Bima nyingi zina kipengele kwamba nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60 fidia ya maji yaliyomwagika inapungua au hamna kabisa. Hicho kipengele watu wanakiona wakishalowa.

Kipepeo_wa_Jumanne
Fundi, si anaweza kutoa maji yote kwenye mabomba tu? Nasikia watu wanafanya hivyo.

FundiKoki
Anaweza, na ile maji inayobaki kwenye kona za bomba chini ya sinki na chooni unaweka dawa ya kuzuia kuganda, ile isiyo na sumu. Lakini sasa unauza au unafunga ghala? Mnunuzi akifungua bomba hakitoki kitu, choo hakivuti, hita ya maji huwezi kuijaribu, na nyumba yenyewe baridi mpaka mtu anaongea anatoa moshi mdomoni. Atakaa dakika tano aondoke, na wala hajaichukia nyumba, miguu tu imemuuma.

MamaPacha
Mi niliuza nikiwa ndani, baridi kali, watoto wadogo, kwahiyo kaka naongea nikiwa nimeumia 😂

Kwanza mlango wa kuingilia. Kila mtu anasema sebule sebule, lakini winta mtu anaanza kukuhukumu pale anapovua viatu. Anaingia na theluji, anatafuta pa kushika, anasimama mguu mmoja kama korongo, mwenzake nyuma bado yuko nje kwenye upepo anasukuma. Weka kapeti gumu nje, lingine zito la kunyonya maji ndani, trei ya viatu, na kiti au benchi la kukalia. Na yale makoti! Tulikuwa na makoti kumi na moja kwenye kabati la mlangoni, mteja alifungua likafunguka nusu tu, akamwambia mumewe hapa hamna pa kuweka nguo. Kabati lenyewe kubwa tu! Nikabakiza makoti manne mengine nikayapeleka kwa dada yangu.

Pili harufu. Winta madirisha hayafunguliwi, mnapika humo, mbwa humo, soksi zinakauka humo, na wewe mwenyewe pua imeshazoea husikii kitu. Mimi nilimwita jirani nikamwambia ingia uniambie ukweli bila huruma. Aliniambia. Sikulala vizuri siku hiyo. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa nafungua madirisha yote wazi kabisa dakika kumi alafu nafunga, hewa inabadilika na kuta hazijapoa. Ukiacha dirisha wazi kidogo tu siku nzima ndo unapoteza joto bure na harufu haitoki.

Na acheni kuanika nguo ndani wiki ya wateja. Vioo vinatoa jasho, maji yanashuka mpaka kwenye fremu, mtu anaona anafikiri nyumba ina unyevu. Nilinunua kipima unyevu kidogo, nikawa nahakikisha kipo kati ya asilimia 30 na 50, na siku ya baridi kali sana nakishusha karibu na 30 maana hapo ndo vioo vinatulia.

Dalali_Mstaafu
Niseme kuhusu kusubiri kwasababu hapo ndo mke wako ana hoja nusu.

Baridi wanunuzi wanapungua, huo ni ukweli. Lakini na nyumba zinazouzwa zinapungua, kwasababu kila mtu anawaza kama mkeo. Na anayekuja kuona nyumba wakati barabara ina barafu huyo hajaja kutalii, ana sababu, labda kahamishwa kazi kama nyie, labda pango lake linaisha. Majani yakirudi utapata watu wengi mlangoni, na wengi wao Jumapili wamekosa pa kwenda. Pia majirani zako watatu watakuwa wametoa nyumba zao siku ileile.

Sasa kwako wewe una miezi minne. Ukisubiri utauza ukiwa umeshahama, yaani njia ya tatu inakurudisha kwenye ya pili bila wewe kujua, tofauti ni kwamba umelipia hita ya nyumba mbili.

Picha nazo. Piga katikati ya mchana, saa sita hivi, toa mapazia yote mepesi, washa taa zote. Balbu ziwe za rangi moja, zile zenye mwanga wa joto, kelvin 2700 mpaka 3000. Ukichanganya nyeupe ya hospitali na ya manjano chumba kinatoka kama kina homa. Picha moja ya nje piga jioni wakati mbingu bado ina ubuluu kidogo na madirisha yote yanawaka, hiyo winta inakupendelea kuliko kiangazi.

Alafu kama una picha za bustani ikiwa kijani, weka, lakini ziwe za mwisho na uandike mwezi zilipopigwa. Usiweke ya kijani kuwa ya kwanza! Mtu anatazama nje kwake theluji, kwenye tangazo lako nyasi, anajiuliza hii nyumba inauzwa tangu lini, kwanini haijanunuliwa, ina nini. Nimeona tangazo zuri likifa hivihivi.

Kipepeo_wa_Jumanne
Mshumaa wa harufu na moto kwenye sehemu ya kuotea je? Mi naona winta ndo raha yake hiyo, mtu akiingia anajisikia nyumbani

MamaPacha
Mshumaa hapana dada. Ukininukishia vanila naanza kutafuta unachoficha.

Dalali_Mstaafu
Mshumaa nakubaliana na mama. Moto mimi nausifu lakini kwa masharti, dohani iwe imesafishwa na una karatasi ya fundi kuonyesha, king'amuzi cha hewa ya sumu ya kaboni kipo na kinalia ukikijaribu, na mtu yupo, sio unawasha unaenda kuzungusha mbwa. Kama huna hayo basi toa majivu, fagia, panga kuni kavu hapo zipendeze, inatosha. Majivu ya jana yananuka kuliko mbwa.

Paa_la_Kati
Hamjagusa paa na ndo linaua biashara. Mkuu toka nje sasahivi uangalie ukingo wa paa lako. Kuna vile vijiti vya barafu vinavyoning'inia? Watu wanavipiga picha wanaona vimependeza, mkaguzi wa nyumba anayeletwa na mnunuzi akiviona anaandika. Mara nyingi maana yake joto la ndani linavuja kupitia dari, linayeyusha theluji juu, maji yanateremka mpaka ukingoni ambako hakuna joto yanaganda tena, linajengeka tuta la barafu, na maji yanayofuata yakikuta tuta yanarudi chini ya vigae na kuingia ndani. Kwahiyo mteja aliyesoma kidogo akiona vile vijiti haulizi habari za barafu, anauliza insulesheni ya darini, lile tandiko la kuzuia joto lisitoke, imekaaje.

Jingine, paa likiwa na theluji mkaguzi haoni kitu, na mashine ya kupoza hewa kwenye baridi ile haijaribiwi. Andaa bahasha, picha za paa za kiangazi, risiti za matengenezo, bili za hita za winta iliyopita. Ukimpa mtu bili za miezi ya baridi kabla hajaziomba anakuamini hata kwenye mengine. Bili zako zikiwa za kutisha basi ndo ujue dari inakudai.

Nyundo_na_Msumari
Nimetoka nje. Vipo. Upande mmoja tu juu ya chumba cha watoto. 😩

Asanteni jamani, hiyo ya dalali ya kulipia hita mbili mke wangu kaisoma mara mbili akanyamaza. Kwahiyo tunabaki ndani, nusu ya vitu tunapeleka stoo ya kukodi. Nauliza mawili, rangi ya nje naweza kupiga kidogo mlangoni? Na ngazi nimwage chumvi?

Paa_la_Kati
Rangi za maji nyingi zinataka angalau nyuzi 10 wakati wa kupiga na masaa ya baadaye, kwahiyo nje sahau, labda uung'oe mlango uuingize ndani, mchezo huo sikushauri. Uoshe tu, badilisha namba ya nyumba na taa ya mlangoni.

Chumvi ya kawaida ikishuka chini ya -9 hivi inachoka, unamwaga tu roho itulie. Pia inakula zege na inaua majani pembeni. Tanguliza chepe, toa theluji yote mpaka chini, njia iwe pana watu wawili wapite sambamba, maana wanunuzi wanatembea wanaongea. Mchanga juu yake kidogo wasiteleze. Chumvi weka ile siku inayohitajika tu. Na fagia kabla hawajaingia, huo mchanga unakwaruza sakafu.

MamaPacha
Na pa kuegesha gari kaka, msisahau! Wateja wangu wa kwanza walizunguka mtaa mara tatu wakaondoka.

FundiKoki
Siku ya kuonyesha hita iwe nyuzi 20 au 21. Usizidishe, mtu kavaa koti zito ukimpikia nyuzi 25 atatoka mbio kuliko kwenye baridi. Na washa mapema, sio dakika kumi kabla, hewa inapata moto lakini ukuta bado baridi na ukiushika unajua.

Nyundo_na_Msumari
Narudi baada ya wiki sita hivi kuleta mrejesho.

Kwanza dari. Fundi kapanda kakuta insulesheni juu ya chumba cha watoto imesukumwa pembeni, nafikiri ni mimi mwenyewe mwaka juzi nilipopitisha waya. Kazi ya asubuhi moja. Theluji iliyofuata ikakaa sawa paa zima, nikapiga picha nikaweka kwenye bahasha pamoja na bili.

Wateja tumeonyesha kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana tu, mbwa anaenda kwa jirani, taa zote zinawashwa kabla gari halijasimama. Wa kwanza hawakurudi. Wa pili wamekuja mara mbili, mama akavua soksi kabisa akatembea nyumba nzima peku, nikajua huyu amewahi kuishi nyumba baridi. Mume yeye alikaa na bahasha ya bili kwenye lile benchi la mlangoni mpaka nikamletea maji ya kunywa.

Ofa wametoa. Wameweka sharti la kukagua paa tena theluji ikiyeyuka, na kiasi fulani cha hela kishikiliwe mpaka hapo. Dalali wangu anasema nikubali, mke wangu naye anasema nikubali. Dalali_Mstaafu wewe unasemaje?

Dalali_Mstaafu
Kubali, ila iandikwe tarehe ya mwisho ya huo ukaguzi, na iandikwe wazi wanakagua nini. "Theluji ikiyeyuka" sio tarehe.

MamaPacha
Benchi usiliuze, wataliomba 😂