Kilima cha mchanga Shela: leza inasema mita 29.6, nikishushe daraja?

mpima_amu
Salaam wakuu. Tunapanga upya orodha ya vilima vidogo vya Lamu kwa kigezo cha Waingereza: mshuko kutoka kileleni hadi shingoni usipungue mita 30. Shingo ni ile sehemu ya chini kabisa katika njia ya juu inayokwenda kilima kirefu zaidi. Kilima kimoja nyuma ya Shela kilikuwa ndani kwa data ya SRTM (vimo vya dunia vilivyopimwa kwa rada kutoka angani), mshuko mita 34. Sasa nina data ya leza ya droni. Nimetenga nukta za ardhi kwa PDAL (programu ya kuchakata nukta za leza), kichujio chake cha SMRF na mipangilio ya kawaida, nikatoa gridi ya vimo, kila mraba mita 1. Kilele kimesoma 11.2, shingo hasi 18.4, kwa hiyo mshuko ni 29.6. Je, kitoke kwenye orodha? Na hizo hasi ni kosa?

kipimo_msalani
Hasi si kosa. GPS inapima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na pwani yetu usawa wa bahari uko karibu mita 30 chini ya umbo hilo. Hata kituo cha kudumu cha GPS pale kituo cha anga cha San Marco, Malindi, kinasoma zaidi ya mita 20 hasi, na hakiko chini ya maji. Ukitaka kimo cha ramani, geuza kwa EGM2008, modeli ya usawa wa bahari.

Kwa mshuko lakini usijisumbue. Shingo na kilele viko karibu, marekebisho ni yaleyale, ukitoa yanafutana. Yana uzito pale kigezo kinapokuwa kimo chenyewe: Calf Top kule Uingereza kilivuka futi 2,000 (mita 609.6) mwaka 2016 kwa milimita chache tu, baada ya modeli ya usawa wa bahari kubadilishwa. Mlima wenyewe haukusogea.

mchanga_na_upepo
Usikishushe bado, kaka. Tatizo ni mipangilio ya SMRF. Slope (mwinamo) yake ya kawaida ni 0.15, yaani ardhi isipande zaidi ya sentimita 15 kwa kila mita. Uso wa mchanga ulio upande uliokingwa na upepo husimama nyuzi 32 hadi 34, sawa na sentimita 65 hivi kwa mita. Kichujio kikiona ukingo mwembamba wa namna hiyo hudhani ni paa la nyumba, kinaukata, kisha gridi inaziba pengo kwa kukadiria. Kilele kinapotea kimyakimya.

Weka slope 0.7, window (ukubwa wa vitu vya kuondoa) punguza kutoka 18 hadi 10 (huko juu hakuna nyumba), threshold (tofauti ya kimo inayovumiliwa) iache 0.5. Halafu fungua CloudCompare, programu ya kutazama nukta, kata kipande chembamba cha upana wa mita 1 kinachopita juu ya ukingo, paka nukta rangi kwa daraja zake. Nukta za ukingoni zikiwa daraja 1 (si ardhi) badala ya 2 (ardhi), bado zinakatwa. Kilele chukua kwenye nukta zenyewe za daraja 2, usichukue kwenye gridi, maana gridi hulainisha ncha. Shingoni usichukue nukta ya chini kuliko zote, mara nyingi ni nukta ya uongo iliyotokana na mwangwi wa leza. Chukua wastani wa eneo la mita moja mraba.

Sasa hiyo shingo. Mabondeni kati ya vilima ndiko vichaka vilipo. Leza isipofika chini, majani husomwa kama ardhi na shingo inapanda. Kilele kimekatwa, shingo imeinuliwa: makosa yote mawili yanapunguza mshuko. Ndiyo maana 29.6 siiamini.

mpima_amu
Nimerudia: 30.3. Shingoni kweli kuna kichaka, nukta za ardhi ni chache mno. Nipande na GPS?

mchanga_na_upepo
Panda, pima shingo na kilele siku moja. Kituo cha msingi (GPS ya pili inayobaki palepale) kiweke juu ya zege au jiwe, si mchangani. Fimbo ya GPS huzama, basi weka kibao cha sentimita 20 chini ya ncha na utoe unene wake. Kila kipimo kikiwa na kosa la sentimita 5, mshuko una kosa la sentimita 7 hivi. Mshuko ukiangukia ndani ya sentimita hizo 7 juu au chini ya mita 30, kiandike "mpakani".

kipimo_msalani
Na tarehe iandikwe. SRTM ni rada ya Februari 2000, pikseli ya mita 30, kwa hiyo ile 34 haikuwa na nguvu tangu mwanzo, na mchanga umeshahama tangu hapo. Kusi na kaskazi havisukumi upande mmoja; pima mwisho wa kila msimu kabla ya kubadilisha daraja. Droni ikirudi, kibali cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Kenya) kwanza, uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu.