Mdogo wangu anaanguka, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) imetoka safi. Ni kifafa au si kifafa?

dadamkubwa_tanga
Habarini ndugu. Mdogo wangu wa miaka 19 alianza kuanguka baada ya msiba wa baba. Anatumia karbamazepini, dawa ya kifafa, dozi imeongezwa, na bado anaanguka. Hufumba macho, kichwa kinakwenda huku na huku, mikono anaitupatupa, anatulia kidogo, anaanza tena, hata robo saa. Akizinduka analia, lakini anatujua wote. Daktari mpya anasema huenda si kifafa, bali ni mambo ya msongo. Sasa shangazi kashikilia kwamba anajifanya. Mimi ndiye ninayemshika, najua hajifanyi. Nisaidieni kuelewa.

muuguzi_zamu
Pole sana dada. Shangazi aambiwe leo hii: hata kama si kifafa, hajifanyi. Mwili unafanya wenyewe, yeye hauamuru.

Kifafa cha mwili mzima, mara nyingi macho huwa wazi. Mgonjwa hukakamaa, kisha hutetemeka, na kwa kawaida huisha ndani ya dakika mbili tatu. Baada ya hapo hukoroma, na akiamka hajui yuko wapi. Uliyoeleza ni tofauti, ila dalili moja moja haikati shauri. Wala EEG safi haikati, maana wenye kifafa wengi hupimwa siku ubongo umetulia. Kinachothibitisha ni EEG inayorekodiwa pamoja na video wakati anaanguka. Kama kipimo hicho hakipo karibu nanyi, mrekodi kwa simu, uso uonekane, umpelekee daktari.

Dawa msiikatishe wenyewe! Ikiachwa ghafla inaweza kuleta degedege la kweli, na wapo wenye hali zote mbili.

binti_moro
Mimi ninayo hiyo isiyo kifafa. Wakati mwingine nasikia kila neno mnalosema juu yangu na siwezi kujibu, kwa hiyo mchunge maneno mbele yake. Vidonge vya kifafa havikunisaidia. Kilichonisaidia ni mwanasaikolojia. Nilijifunza kuijua inapokuja: vidole vinakufa ganzi, basi nakanyaga sakafu kwa nguvu na kutaja vitu ninavyoviona. Haijaisha kabisa, lakini nimerudi chuoni.

dadamkubwa_tanga
Asanteni, nimelia nikisoma. Akianza tena, tukimbilie hospitali?

muuguzi_zamu
Mlaze ubavu, ondoeni vitu vigumu, msimkandamize, msimtie kijiko mdomoni. Mpaka daktari athibitishe, ikizidi dakika tano mpelekeni, na mkifika mwelezeni daktari wa zamu kwamba kuna shaka kama ni kifafa, asije akaongezewa sindano za usingizi bila sababu.